Umeambiwa utaizoea dawa? Soma kwanza

Mkuu, umesema tangu uanze kupiga dawa shambani, kila jioni kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, mate yanajaa mdomoni, halafu asubuhi unaamka mzima. Wenzako wamekwambia utazoea, na uwe unakunywa maziwa. Mimi nimeifanya kazi hiyo misimu saba, mitano nikiwa na bomba mgongoni na miwili nikiwachanganyia wenzangu, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kuzoea kupo kweli, na hapo ndipo nilipoumia. Msimu wa kwanza nilikuwa kama wewe. Wa pili dalili zikapungua, nikajiona nimekomaa. Baadaye daktari alinichorea kwenye karatasi kilichokuwa kinatokea. Dawa nyingi za wadudu, zile za kundi la oganofosfeti na kabamati, hushambulia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Kazi yake ni kuuzima ujumbe wa neva ukishafika kwenye msuli au tezi. Kikipungua, ujumbe hauzimiki: mate yanatoka, jasho linatoka, tumbo linasokota, misuli inachezacheza, mboni za macho zinasinyaa, ndiyo huo ukungu wako. Kabamati hukiachia baada ya saa kadhaa. Oganofosfeti hukiua, na mwili lazima utengeneze kingine. Kwenye chembe nyekundu za damu kinarudi kwa kama asilimia 1 tu kwa siku. Sasa piga hesabu: ukipuliza mara tatu kwa wiki, utakirudisha lini? Asubuhi unaamka mzima kwa sababu akiba haijaisha. Na dalili zikipungua kadiri msimu unavyosonga, huenda mwili umeacha tu kulalamika huku kimeng'enya kiko chini vilevile.

Akiba yangu iliisha msimu wa tatu. Bomba lilikuwa linavuja kwenye kiungo cha mpira, nimelalamika wiki nzima, naambiwa spea inakuja. Siku hiyo mgongo ukalowa, kiuno kikalowa, maji yakateremka mpaka mapajani. Jua lilikuwa kali na ubaridi ule nikauona raha. Nikasema nimalizie mistari iliyobaki, na nguo ikanikaukia mwilini.

Watu wengi huogopa harufu, kumbe kwa mpiga dawa mlango mkubwa ni ngozi. Na ngozi hazilingani. Waliopima dawa iitwayo parathioni walikuta ngozi ya korodani inapitisha karibu mara 12 ya inavyopitisha ngozi ya mkono. Sasa fikiria mimi na suruali yangu iliyolowa.

Jioni nikaanza kutapika, jasho jembamba, kope zinacheza zenyewe. Nilipofikishwa kwa wauguzi, wa kwanza alidhani nimekula kitu kibovu, na simlaumu, dalili zinafanana. Kilichoniokoa ni mwenzangu mmoja aliyekuja na lebo ya chupa mfukoni. Daktari akaisoma, akanimulika macho, mboni zikiwa ndogo kama kichwa cha pini. Nikavuliwa kila kitu, nikaoshwa kwa sabuni mpaka nywele, nikachomwa atropini, dawa ya kutuliza dalili hizo. Siku ya pili nikajiona nimepona, nikaomba ruhusa. Wakakataa, kwa sababu kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumulia inaweza kulegea ghafla. Nikabaki, nikinung'unika.

Maziwa hayakamati kitu kilichoingia kwa ngozi. Na kama dawa imemezwa, zile zinazopenda mafuta huenda yakazisaidia kuingia haraka. Achana nayo.

Ukiniuliza nilikosea wapi zaidi, sitasema ni siku ile ya bomba. Ni kuzibua nozeli, ile ncha ya bomba inayotoa dawa, kwa mdomo, jambo nililolifanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni kuchanganya dawa mikono mitupu, wakati pale ndipo inapokuwa kali kabla ya kuzimuliwa. Ni glovu za ngozi, ambazo hunyonya dawa na kukushikia siku nzima. Tafuta za nitrili, aina ya mpira wa kiwandani, ndefu. Ni kitambaa puani, ambacho hakizuii mvuke na kikilowa kinakuwekea sumu mdomoni. Suruali iwe juu ya buti, siyo ndani. Na la kuniaibisha: miaka yote hiyo nguo zangu za kazi zilifuliwa na mke wangu, kwenye beseni moja na za watoto. Neno lenyewe linatulaghai. Nani anaogopa kitu kinachoitwa dawa?

Sasa vipimo. Omba upimwe kolinesterasi kabla msimu haujaanza, au baada ya kukaa mbali na dawa kwa wiki kadhaa, kisha katikati ya msimu. Watu wana viwango tofauti mno, hivyo kipimo kimoja peke yake kinaweza kuonekana cha kawaida wakati kwako wewe kimeshuka vibaya. Kule California, Marekani, sheria inataka mfanyakazi aondolewe kwenye dawa hizo kiwango cha kimeng'enya kwenye chembe nyekundu kikishuka mpaka asilimia 70 ya kile cha mwanzo, na asirudi kabla hakijafika 80. Ila kipimo hiki hakioni kila kitu. Parakwati ya kuua magugu, kwa mfano, haigusi kimeng'enya hicho. Hiyo huharibu mapafu, na haina dawa ya kuizima.

Kuna mengine hayaonekani jioni ile wala msimu ule. Mwaka 1977, hukohuko California, wanaume wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni, waligundua wakiongea wao kwa wao kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa mbegu, wengi walikuwa na chache mno au hawana kabisa. Kwa hiyo waulize wenzako, na wao vichwa vinawauma?

Kwa kesho: usilivae bomba linalovuja, hata akigomba nani. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unampa mfanyakazi wa shambani, katika nchi zilizouridhia, haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, mradi amjulishe msimamizi mara moja. Ukungu wa macho ukirudi, vua, oga, uende hospitali na lebo.

Halafu niandikie hapa jina la sumu yenyewe lililoko kwenye hiyo lebo, siyo jina la biashara, na rangi ya mstari wa chini ya lebo, unaoonyesha ukali wa sumu. Mstari ukiwa mwekundu, yaani sumu kali kabisa, niambie leo.