Watu wa vidole vinane, nane nane mpaka kwenye muziki?

SWALI: Shikamoo. Mi natunga lugha yangu mwenyewe kwa ajili ya hadithi ninayoandika, watu wake wana vidole vinne kila mkono, maneno nishafika kama mia sita na sarufi imekaa vizuri. Nimekwama kwenye hesabu na muziki. Namba nimewapa za nane nane, sasa nataka noti ziwe nane, midundo nane, kila kitu nane, ila rafiki yangu anasema imekuwa kama mashine. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye hesabu uko vizuri kabisa, kwenye muziki rafiki yako kaona mbali.

Namba za nane ndo hivohivo Paul Frommer, mtaalamu wa lugha, aliwapa watu wa filamu ya Avatar (2009), nao wana vidole vinne: nane kwao ni vol, 16 ni mevol, 64 ni zam. Ila usiishie kwenye majina, ishi nayo kidogo. Chukua maharage 64 uyaweke mezani, watu wako hiyo wanaiandika 100, maana ni nane mara nane. Gawa nusu, 40 (yani nane nne, kwetu 32). Nusu tena, 20, afu 10, afu 4, 2, 1, hakuna punje hata moja imevunjika! Sisi na mia yetu tunaenda 50, 25, tushakwama. Kwa hiyo sokoni kwao vipimo vyote vitakuwa vya nusu kwa nusu, na hata sisi pwani tulikuwa navyo, vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Kero yao itakuwa kugawa kwa tatu, yani mzee akifa akaacha watoto watatu hapo ndo kuna ugomvi, na ugomvi ndo hadithi yenyewe.

Halafu lugha yako isiwe mpya kila mahali. Angalia Kiswahili: sita, saba na tisa tulizitoa kwenye Kiarabu, zile za zamani mtandatu na mfungate zikafifia, lakini maharusi bado wanakaa fungate na tarehe mosi bado tunaisema. Na wewe waachie watu wako namba moja iliyokufa ambayo imebaki msibani tu au kwenye kuhesabu siku za mvua, msomaji atahisi hawa watu wana babu zao.

Sasa muziki. We na mimi tuna vidole kumi, je umewahi kusikia tunapiga skeli, yani ngazi ya noti, yenye noti kumi? Amadinda, ile marimba ya Waganda, ina noti tano kwenye oktava (kutoka sauti moja mpaka sauti ileile iliyopanda juu), piano ina kumi na mbili. Muziki unasikiliza kamba na bomba kwanza. Funga kamba ya sentimita 60, ipige, afu bonyeza katikati upige nusu ya 30, unasikia sauti ileile imepanda juu, ukibakiza 40 unapata ile inayokaa vizuri sana pembeni ya ya kwanza. Hizo mbili huzibuni, kiumbe yeyote mwenye kamba na masikio kama yetu atazikuta. Kazi yako ni kinachojaa katikati yake, na hapo jiulize wanaishi wapi, wana mianzi, wana chuma, wanaimba wakifanya kazi gani.

Vidole vitaingia kwenye filimbi. Wana vinane, lakini kimoja kila mkono lazima kishikilie filimbi kwa nyuma, vinabaki sita, kwa hiyo matundu sita, na ukifungua moja moja kutoka yote yamezibwa unapata noti saba. Umeona? Saba imekuja yenyewe kutoka mikononi mwao, na mimi ningeipenda kuliko nane ya kulazimisha.

Nane yako usiitupe lakini, ipeleke kwenye mashairi. Utenzi wetu una mizani nane, yani silabi nane, kila mshororo na haukusubiri vidole vinane, ulisubiri maneno yanayoishia na irabu. Maneno yako mia sita mengi yana silabi ngapi? Anza na wimbo wa kubembeleza mtoto, mistari minne tu, uimbe kwa sauti jikoni mpaka ulimi usikwame, ndo uje uchague noti. Ukishaupata nitumie, nataka kuusikia.