Virginia na Perique kwenye Hewa ya Pwani: Maswali ya Wasomaji

Assalaam alaykum. Mwanangu kaniletea kutoka Uingereza makopo manne ya tumbaku ya kiko, Virginia yenye Perique, ya gramu 50. Nimeambiwa nisiyafungue mpaka yapite miaka mitano ndipo yawe matamu. Nakaa nyumba ya mawe. Ni kweli? Na niyaweke wapi? – Msomaji, Mkunazini

Waalaykum salaam. Ni kweli kwamba Virginia hunufaika na kuwekwa kuliko tumbaku nyingi, na sababu ni sukari. Jani hilo hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto la mabomba bila ya kuguswa na moshi. Wakulima wa Tabora na Urambo huiita tumbaku ya mvuke. Ukaushaji huo huifungia sukari ndani ya jani. Kopo likishafungwa, hewa kidogo iliyobaki ndani huanzisha kazi ya kuchachuka, na hewa ikimalizika kazi huendelea taratibu bila yake. Ule ukali wa nyasi mbichi hupungua, utamu hushuka chini ukawa mzito, na rangi ya manjano huelekea kahawia.

Perique ina habari nyengine, maana hiyo huja ikiwa imeshavundikwa. Huko St. James Parish, Louisiana, Marekani, majani hukaushwa kwa hewa, hutolewa uti wa kati, hufungwa mafundo na kushindiliwa ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyokuwa ya wiski, kisha hukazwa kwa jeki. Maji ya majani yenyewe hupanda yakayafunika. Pipa hufunguliwa, majani hupata hewa, hugeuzwa na kushindiliwa upya, si chini ya mara tatu, na kazi yote huchukua mwaka na zaidi. Ndiyo maana ina harufu ya tini na zabibu kavu, na pilipili manga inayopanda puani. Ndani ya kopo lako Perique haibadiliki sana. Kinachotokea ni kwamba pilipili yake huzama ndani ya utamu wa Virginia badala ya kukaa juu peke yake.

Baada ya miezi 6 ladha hizo mbili huwa zimeshapatana. Mwaka mmoja hadi miwili tofauti huonekana wazi, na mitano ni unono khasa. Lakini hesabu hizi ni za vyumba vya baridi vya Ulaya. Kwetu, ambako joto la mchana la Februari hupita nyuzi 30, mambo huenda mbio zaidi, kwa hiyo usingoje mitano bila ya kuonja. Fungua kopo moja sasa uijue ladha yake ikiwa changa, la pili baada ya mwaka, na mawili yaliyobaki uyahamishie kwenye chupa wakati huo, uyaache.

Mahali: usiyaweke kwenye shubaka. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu na chumvi, na kopo linalougusa huota kutu upande wa nyuma usioonekana. Usiyapandishe darini chini ya mabati, wala usiyatie kwenye friji, maana friji ina harufu ya samaki na kopo hutoka jasho kila likitolewa. Sanduku la mbao lenye miguu, chumba cha chini, mbali na ukuta, linatosha. Lisiwe sanduku la nguo zinazofukizwa udi. Kila miezi mitatu pitisha kidole kwenye mshono wa mfuniko. Ukikuta vidoa vya kutu kama vichwa vya pini, usingoje: hamishia kwenye chupa. Kwa hewa ya visiwani hatushauri kopo la bati likae zaidi ya mwaka hata likionekana zima.

Nina burnia tupu za achari, za nusu lita. Zinafaa kuwekea tumbaku ya kiko? – Msomaji, Chake Chake

Kioo kinafaa, mfuniko haufai. Ule mpira mwembamba ndani ya mfuniko hunywa siki na vitunguu thomu, na hakuna sabuni inayovitoa. Ukibisha, ifunge burnia tupu, iweke juani siku mbili, kisha ifungue uinuse. Tafuta mifuniko mipya ya kipimo hicho hicho.

Kabla ya kutia kitu, ijaze maji, ifunge, iinamishe juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likilowa, burnia hiyo irudi kwenye achari. Iliyofaulu ioshe, kioo kichemshe dakika 10, kisha kikauke kabisa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakati wa masika chupa iliyoinamishwa juu ya kitambaa haikauki ndani hata ikilala hapo hadi asubuhi. Ukungu mwembamba hubaki shingoni. Iweke juani mdomo ukitazama juu mpaka kioo kiwe moto, iingize ndani ipoe, ifute kwa kitambaa kikavu. Tone moja la maji linatosha kuotesha koga gramu 100 za tumbaku.

Kazi ya kujaza ifanye alasiri ya siku kavu ya kusi au kaskazi. Siku ya mvua iache. Burnia ya nusu lita huchukua kiasi cha gramu 100 za tumbaku iliyochambuliwa, au karibu 200 za vipande bapa vilivyopangwa vikabana. Acha nafasi ya kidole kimoja juu. Usiinyonye hewa kwa mashine, maana ile hewa kidogo ina kazi yake mwanzoni. Ukimaliza kufunga, paka mafuta ya mgando kidogo sana nje ya ukingo wa mfuniko kuzuia kutu, ndani usiguse. Jina na tarehe andika kwa penseli, wino hufifia.

Baada ya hapo iache. Kila ukifungua kunusa unatoa hewa iliyoiva na kuingiza hewa mpya yenye maji. Mwenye hamu ya kuonja ajaze chupa ndogo za robo lita, kila moja kopo moja la gramu 50, afungue moja moja.

Vipande vya Virginia na Perique nilivyopata vinauwasha ulimi kama nimelamba chokaa ya tambuu. Tumbaku mbovu? – Msomaji, Kiembesamaki

Tumbaku ni mbichi, si mbovu. Vipande bapa vya viwanda kadhaa vya Kiingereza huja na maji mengi, na St. James Flake ya Samuel Gawith ndiyo mfano mkubwa. Sukari nyingi pamoja na maji mengi humlazimisha mvutaji avute kwa nguvu ili moto usizime, na kinachofika kinywani ni mvuke wa moto. Huo ndio unaokuunguza.

Maelekezo ya wageni husema tandaza kwenye sahani nusu saa. Kwetu, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, sahani haikaushi kitu, na tumbaku kavu huenda ikanywa maji zaidi. Feni nayo inapeperusha hewa ile ile. Chukua gramu 3 tu, za kujaza kiko mara moja, zifikiche kwenye karatasi nyeupe, ziweke karibu na taa ya joto au ndani ya chumba chenye kiyoyozi dakika 30 hadi 45. Juani zisizidi dakika 10. Kisha bana kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, uachie. Ikibaki donge, bado. Ikivunjika kama majani ya chai, umepitisha. Inayofaa hufunguka yenyewe polepole, laini, bila ya kunata.

Washa mara mbili: ya kwanza majani huinuka, yashindilie kidogo, ndipo uwashe ya pili. Kichwa cha kiko kikiwa hakishikiki mkononi, kiweke chini kipoe hata kama kitazima.

Nimefungua burnia ya miaka miwili, nikakuta vitu vyeupe juu ya majani. Nitupe? – Msomaji, Wete

Ipeleke kwenye mwanga wa dirisha uigeuzegeuze. Chembe zinazometa kama sukari au chumvi safi, zilizotandaa juu ya jani, hazina harufu mbaya: hiyo ni dalili ya kukomaa vizuri. Koga ina manyoya kama pamba au utando wa buibui, huanza kwenye pembe moja au penye kugusana na kioo, na hunuka kama mkeka uliolowa. Ikiwa koga, tupa burnia nzima, usichague palipo safi. Harufu ya siki au ya ukali wa amonia peke yake isikutishe. Acha mfuniko wazi saa chache, itaondoka.

Na kama uliwahi kutia ganda la chungwa au kipande cha kiazi ili tumbaku isikauke, umeshapata sababu ya koga yako. Visiwani tumbaku haihitaji kuongezewa maji.

Huku kwetu karafuu ni nyingi. Nikitia ndani ya burnia pamoja na Perique? – Msomaji, Mkoani

Indonesia huchanganya karafuu na tumbaku kwenye sigara za kreteki, na kwa miaka mingi walikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu zetu kwa kazi hiyo. Lakini mafuta ya karafuu huutia ganzi ulimi, na Perique yote umuhimu wake ni ile pilipili na tunda lake. Utakuwa umenunua kitu ghali ukakifunika. Mafuta hayo pia huingia kwenye mpira wa mfuniko yasitoke tena. Ukitaka kujaribu, tenga gramu 20 kwenye chupa nyengine, tia karafuu nzima 2, zitoe siku ya tatu. Uvute kwa kiko cha gunzi la mahindi, si kiko chako kizuri cha mti.

Je, tumbaku iliyokomaa miaka hupungua madhara? – Msomaji, Jambiani

Hapana. Nikotini na lami ziko pale pale, na saratani ya kinywa na koo humpata hata asiyemeza moshi. Na burnia iwe mahali ambapo mtoto hafiki. Tumbaku ikimezwa ni sumu.

Nipendekezeeni aina mbili tatu. Pia, ndani ya sanduku la marehemu babu tumekuta kopo la Three Nuns halijafunguliwa. – Msomaji, Malindi

Kwa kuanzia, Escudo Navy De Luxe: kamba ya majani iliyokatwa vipande vya duara kama sarafu, Virginia na Perique zimepimana vizuri. Hujakosea ukiweka hiyo peke yake. Luxury Bullseye Flake ya Peter Stokkebye nayo ni sarafu, ila katikati ina jicho jeusi la kavendishi, yaani tumbaku iliyopikwa kwa joto na kushindiliwa, kwa hiyo ni laini zaidi na haina makali ya kungoja yapungue. Solani 633 ni vipande bapa vyenye Perique ya kutosha. Anayeitaka pilipili waziwazi achukue Bayou Morning ya Cornell & Diehl, lakini asiivute na tumbo tupu. McClelland, watengenezaji wa tumbaku ya kiko, walifunga mwaka 2018. Makopo yao yanayouzwa leo unalipia uhaba.

Kopo la babu lina thamani, kwani Three Nuns ya zamani ilikuwa na Perique, kisha Kentucky, tumbaku inayokaushwa kwa moshi, ikachukua nafasi yake. Litikise karibu na sikio. Ukisikia majani yakigongagonga, hewa ilishaingia na yamekauka. Kopo lililovimba kidogo si baya, ni gesi ya kuchachuka. Lifungue juu ya karatasi nyeupe, toa majani yaliyogusana na kutu yenye doa jeusi, utupe. Yaliyobaki yakiwa makavu, usiyanyunyizie maji. Yatandaze kwenye sinia, funika kwa kitambaa cha pamba kikavu, yaache usiku mmoja. Hewa ya Malindi itayarudishia ulaini. Yabane asubuhi, na yakifunguka polepole yatie kwenye chupa siku hiyo hiyo, kwani usiku wa pili huanza koga.