Kamusi iweke pembeni mkuu, andika ulichoshindwa kusema

Mkuu, umesema umemaliza kidato cha nne, kila siku unasoma kurasa mbili za kamusi ya Kiingereza, umefika herufi C, lakini ukikutana na mgeni au ukipigiwa simu ya Kiingereza unaganda. Unauliza uongeze kurasa au ufanyeje.

Usiongeze. Kamusi imepangwa kwa herufi, haijui wewe unahitaji nini kesho asubuhi. Mnyama wa kwanza unayekutana naye mle ni "aardvark", yaani mhanga, ambaye hata huku kwetu ukimtaja watu watadhani unaongelea mtu aliyejitoa mhanga. Utamtumia wapi huyo?

Mimi nilianza kazi hotelini Nungwi nikiwa bustanini, baadaye nikahamishiwa vyumbani. Cheti ninacho, na "photosynthesis" naweza kukueleza hadi leo pamoja na klorofili yake. Lakini si unajua tulivyosoma: msingi kwa Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, hivyo maneno ya nyumbani tuliyaruka jumla. Hakuna mwalimu wa baiolojia aliyewahi kutuambia koki inayovuja tone tone inasemwaje. Basi wiki ya pili vyumbani mama mmoja Mwingereza akanisimamisha koridoni: "Nobody has made my bed." Hiyo "make" naijua tangu nikiwa mdogo, ni kutengeneza. Nikamwomba radhi, nikatoka mbio kwa fundi seremala. Tukarudi wawili, mwenzangu na nyundo mkononi na kopo la misumari, yule mama akabaki ametukodolea macho. Alitaka kitanda kitandikwe, basi. Fundi yule mpaka leo ananiita Make Bed.

Jioni ile nikanunua daftari dogo la mfukoni nikajiwekea sheria moja: siandiki neno nililoliona mahali, naandika kitu nilichotaka kusema kikanikwama. Nakiandika palepale, kwa Kiswahili. Sinki halina kizibo. Maji ya choo hayashuki. Foronya imechanika. Usiku namfuata kaka wa mapokezi, Kiingereza chake kimenyooka, namsomea. Nilimwomba asinipe neno tupu, anipe sentensi kama mgeni angeisema: "The toilet won't flush." Asubuhi natafuta sababu ya kuisema kwa mdomo wangu. Kuna siku niliripoti choo kizima kabisa kuwa kibovu, ili mradi sentensi itoke. (Usimwambie supavaiza wangu.) Na hapo ndipo nilipojua kizibo cha sinki nacho ni "plug", si plagi ya umeme peke yake.

Faida ya kuandika ulichokwama ni kwamba neno linakuja na aibu yake. Hilo halisahauliki kirahisi.

Halafu Kiswahili chenyewe kitakutega. Kwetu "piga" inafanya kazi nyumba nzima: unapiga deki, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga simu, unapiga picha. Kwa Kiingereza deki ina "mop", pasi ina "iron", mswaki "brush", simu "call", na picha eti unaichukua. Niliyakusanya yote ukurasa mmoja nikauita Piga, na ukurasa huo ulinifaa kuliko miezi ya kamusi. Ukurasa mwingine ni wa Pole. Mgeni alijikwaa ngazini nikamwambia "sorry", akanijibu "It's not your fault." Alidhani nakiri kosa! Siku hizi nasema "Are you all right?" huku nimeshatoa mkono. Kuna na ukurasa wa maneno tunayodhani ni ya kwao kumbe tumeyageuza wenyewe, kama kipilefti. Ukimwelekeza Mwingereza kwenye "keep left" atashika kushoto na kupotea, kwake ile ni "roundabout".

Kuhusu wingi wa maneno, wala usitishike. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika sana, na ukiipitia utaona mengi unayafahamu tayari kwa sura. Kazi iko kwenye yale mafupi: get, put, take, turn. Taa una-"turn on", sauti ya redio una-"turn down", na mtu akitokea bila taarifa ame-"turn up". Hayo ndiyo yanayokugandisha kwenye simu, maana ukisikia "turn" akili inakimbilia kugeuka.

Kukumbuka nako kuna ufundi. Mimi nilikata makadi kwenye katoni za sabuni, mbele hali kwa Kiswahili, nyuma sentensi, nikayaweka kwenye maboksi matatu ya viatu. Boksi la kwanza kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi mwanzo hata kama ilishafika la tatu. Mtindo huu ulisambazwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kwenye simu za Android kuna programu ya makadi inaitwa Anki, inayofanya kazi karibu hiyo hiyo bure, japo mimi makadi ya katoni nayapenda zaidi kwa sababu hayaletewi meseji.

Makadi mapya kwa siku hayazidi matano. Siku nyingine moja, siku nyingine hakuna.

Na usisubiri maneno usiyoyajua yaishe. Nina miaka tisa kazini, na juzi mgeni kakanyaga mwiba ufukweni, ananiomba kitu cha kuuchomolea, anataja jina silijui, mpaka akanionyesha kwa vidole viwili. "Tweezers." Nimeshalikatia kadi, liko boksi la kwanza.