Niache sigara kwanza au pombe?

Ndugu yangu, umeuliza kati ya sigara zako kumi kwa siku na bia za mwisho wa wiki kipi kinaua zaidi, ili uanze kuacha hicho. Kwa hali yako, anza na sigara. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Pombe iliua milioni 2.6 mwaka 2019. Na hata sigara moja kwa siku huumiza moyo na mishipa ya damu, kwa hiyo kupunguza tu hakutoshi.

Ila usidhani pombe ni salama. Inaleta saratani ya ini, koo na matiti, na ulevi wa usiku mmoja unaweza kukuua barabarani. Kibaya zaidi ni kuvichanganya: pombe husaidia sumu za moshi kupenya kwenye utando wa mdomo na koo. Halafu unajua mwenyewe, glasi ya pili ikifika, mkono unatafuta kiberiti. Miezi ya mwanzo kaa mbali na baa, tafadhali.

Anayekunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka, asikate pombe ghafla. Anaweza kupata degedege. Amwone daktari kwanza.