Grupu la darasa limejaa madesa tu, tufungue blogu?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko mwaka wa pili hapa Dodoma, nasoma takwimu. Darasa letu tuna grupu la WhatsApp lakini kinachotumwa humo ni madesa (notsi za kunakili tu), past pepa na "jamani test lini", ukiuliza swali la somo lenyewe kimya, au unatumiwa stika. Tupo kama kumi tunataka kufungua blogu yetu ya kusomea. Itasaidia kweli au tutamaliza bando bure?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Itasaidia, ila kwa sharti moja, kila mmoja wenu aandike. Mkianza kupandisha madesa huko nako mtakuwa mmehamisha grupu tu.

Kuna mwalimu wa hesabu Marekani anaitwa Uri Treisman, miaka ya 1970 akiwa chuo cha Berkeley alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi wanafeli kalkulasi (tawi la hesabu) wakati wenzao wenye asili ya China wanafaulu, watu walishasema eti hawajitumi, eti msingi mbovu. Alipowafuatilia akakuta weusi wanasoma sana tu ila kila mtu kivyake, wale wengine kila mmoja anafanya maswali mwenyewe kwanza alafu wanakutana, wanakaguana, wanabishana, mtu anajua kabisa wapi hajaelewa. Akaanzisha vikundi vya kufanya pamoja maswali magumu na matokeo ya waliojiunga yakapanda.

Hapo kwenye "mwenyewe kwanza" ndo diskasheni zetu nyingi zinapofia. Watu kumi wamekaa kimbweta (benchi la kusomea chuoni), aliyesoma ni mmoja, tisa wananakili, wakinyanyuka pale aliyeongeza kitu kichwani ni yule yule mmoja. Blogu inamlazimisha mtu aje na chake. Na tofauti na WhatsApp, ulichoandika Jumanne hakizamishwi na meseji za Jumatano, kinakaa na tarehe yake, maoni yako chini yake, hata wa mwaka wa kwanza mwakani watakikuta.

Wekeni zamu, kila wiki watu wawili, na msiandike notsi, andikeni swali moja mlilokwama na jinsi mlivyolifanya mpaka pale mlipokwama. Mfano kwenye variansi ya sampuli, yaani kipimo cha data zilivyotawanyika, kwa nini tunagawa kwa n−1 na sio n, ambayo ni idadi ya data? Madesa yanakupa fomula basi. Lakini mtu akijaribu kuieleza kwa maneno yake ataona kwamba tunapima umbali kutoka wastani wa sampuli yenyewe, ambao siku zote uko karibu zaidi na hizo data kuliko wastani wa kweli wa watu wote, kwa hiyo jumla ya miraba ya umbali huo inatoka ndogo na ukigawa kwa n unapunja. Wengine wanane lazima waseme kitu kabla ya semina, wasahihishe au waulize, "umetisha" haihesabiki.

Wala sio kitu kigeni kwetu. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969 wanafunzi wa USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, walitoa jarida lao wenyewe, Cheche, kwa stensili, wakawa wanaandika na kusomana na kubishana. Serikali ililifunga mwaka 1970, ila humo walipita kina Issa Shivji na Karim Hirji, ambao baadaye walikuwa maprofesa.

Bando msihofu sana, maandishi hayali kitu, kinachokula ni video. Cha kuangalia ni sheria, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na zimebadilishwa tangu hapo, sasa anzeni na blogu ya kufungwa inayosomwa na mliowaalika tu, mkitaka kuifungua kwa wote waulizeni TCRA kwanza.

SWALI: Dada, sisi Mbeya tumeshaanza ila wengi hawaandiki, wanaogopa kuchekwa Kiingereza chao. Tufanyeje?

JIBU: Andikeni Kiswahili! Mtihani ni wa Kiingereza ndio, lakini mtu anayepigana na grama hana nafasi ya kufikiri somo. Maneno ya kozi yaacheni kama lekchara anavyoyataja, maelezo yawe ya kwenu. Alafu UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ikikaribia kila mtu achukue posti ya mwenzake, sio yake, ajaribu kuijibu kwa Kiingereza kama swali la mtihani na mwenye posti ndo amsahihishie.