Kabla Hujamlipa Mtu Akufundishe MATLAB

Mwaka wa pili wa shahada yangu ya uzamili nilisimama mbele ya semina ya idara nikiwa na grafu niliyoiamini kabisa. Tasnifu yangu ilihusu pampu ya sola ya kisima cha kijiji kimoja mkoani Dodoma, na ili nijue paneli zitapata jua kiasi gani, ilibidi kwanza nionyeshe jua linavyohama kaskazini na kusini mwa ikweta kwa siku zote 365. Grafu ilikuwa safi: mstari wa bluu, mihimili ina majina yake, vipimo vipo. Mhadhiri mmoja mtu mzima aliisogelea skrini, akawa anafuata mawimbi kwa kidole huku midomo ikihesabu. Akanigeukia.

"Binti, kwa mwaka mmoja jua linakwenda kaskazini mara ngapi?"

Nikamjibu mara moja.

"Na hapo kwenye grafu yako?"

Yalikuwa mawimbi 57. Kwa mujibu wa kazi yangu, jua lilikuwa linakwenda kaskazini na kurudi kusini kila baada ya siku sita na kidogo. Akaniuliza ule mstari wa kumi na mbili wa programu unafanya nini. Sikuweza kumjibu, kwa sababu sikuuandika mimi.

Naandika haya kwa ajili yako unayetafuta mtu wa kukufundisha MATLAB, au Octave, au Maple, au programu nyingine yoyote ya hesabu za kompyuta, ukiwa na muda mfupi, hela ya mawazo na woga mwingi. Nilitafuta mwalimu mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe nalikuta kwa wanafunzi wengi wanaoniuliza, ndiyo maana nalieleza wazi.

Yule wa kwanza nilimpata kwa namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo karibu na steshenari. Tangazo lilisema anafundisha MATLAB, SPSS na mengine matano. Nilipompigia hakuniuliza nasoma nini. Aliuliza kazi inatakiwa lini. Tukapatana shilingi 200,000, nikamtumia nusu kwa simu, na baada ya siku nne faili likaingia WhatsApp. Vikao viwili alivyoniahidi vya "kunielekeza" vilikwenda hivi: yeye ameshika kibodi, mimi nimekaa pembeni naitikia. Alikuwa na kasi ya ajabu. Nilitoka pale nimeridhika nikidhani nimeelewa, kumbe nilikuwa nimetazama tu.

Kwa hiyo swali lake la kwanza litakuambia karibu kila kitu. Anayeanza na "lini unawasilisha" anauza kazi, na anayeanza na "unataka kujua nini" anafundisha. Hata kama una hali ngumu na tarehe imekukalia shingoni, ukimlipa yule wa kwanza unanunua desa, na desa la programu lina ubaya wake: la maelezo unaweza kulikariri, lakini programu mtu akibadilisha namba moja tu mbele yako, umekwama.

Baada ya ile semina nilipewa wiki sita. Safari hii sikutazama matangazo. Nilimwendea fundi wa maabara ya kompyuta, kaka mmoja mkimya anayewafungulia wanafunzi mlango asubuhi na kuwafungia usiku, nikamuuliza swali moja: watu wakikwama humu ndani huwa wanamfuata nani? Hakufikiri hata kidogo. Alinitajia kijana wa uzamili wa hisabati aliyekuwa anakaa meza ya mwisho karibu na dirisha. Nakushauri ufanye hivyohivyo. Fundi wa maabara, msaidizi wa mhadhiri, anayesimamia mazoezi ya vitendo, hawa wanajua nani anaeleza na watu wakaelewa. Wanafunzi wa uzamili wa hisabati, fizikia na uhandisi ndio hazina yenyewe. Usiwasahau waliopita AIMS, ile taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003 na sasa ina vituo katika nchi kadhaa za Afrika, Rwanda ikiwemo. Kule wanafunzi wanapiga hesabu kwa kompyuta karibu kila siku.

Kijana huyu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama minane. Aliniita dada, mimi nikamwita mwalimu, na tukaenda hivyo hadi mwisho. Siku ya kwanza hakutaka kuona programu. Aliniambia niisogeze laptopu yangu pembeni, akachukua karatasi.

"Dada, mwezi wa sita pale Dodoma, saa sita mchana, kivuli chako kinaangukia upande gani?"

Nikafikiri. Nimekulia Dodoma, nimecheza rede kwenye uwanja wa shule mchana kutwa. Kivuli mwezi wa sita kinaangukia kusini.

"Kwa hiyo jua liko wapi?"

Kaskazini.

"Sasa fungua kompyuta yako, iulize tarehe 21 Juni jua liko wapi."

Kanuni yenyewe ni fupi na iko kwenye vitabu vingi vya sola: jumlisha 284 na namba ya siku, zidisha kwa 360, gawa kwa 365, chukua sine ya pembe hiyo, kisha zidisha kwa 23.45. Tarehe 21 Juni ni siku ya 172. Nikaandika, nikabonyeza. Jibu: hasi 11.36. Hasi ni kusini. Kompyuta ilikuwa inaniambia kwamba mwezi wa sita jua liko kusini, upande uleule ambao kivuli changu kimeangukia maisha yangu yote. Na haikulalamika hata kidogo. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo.

Hakuniambia kosa liko wapi. Aliniambia niulize sine ya 30. Kila aliyepita kidato cha nne anajua ni nusu. Kompyuta ikajibu hasi 0.988. Hapo ndipo nikaona: sin ya MATLAB inapokea radiani, kipimo kingine cha pembe, na mimi nilikuwa nailisha nyuzi. Dawa ni herufi moja, sind badala ya sin. Nikabadilisha, nikabonyeza tena, ikaja 23.45. Grafu ya mwaka mzima ikawa wimbi moja, limepanda Juni na kushuka Desemba. Nililia kidogo, na siioni kuwa aibu. Miezi mitano nilikuwa nimeibeba ile grafu ya mawimbi 57 nikiiita kazi yangu.

Alichonifundisha siku ile, na nakuomba ukidai kwa mwalimu yeyote utakayempata, ni kutamka jibu unalolitarajia kabla hujabonyeza. Si lazima liwe kamili. Liwe chanya au hasi, kubwa au dogo, linapanda au linashuka. Mwalimu asiyekuuliza hivyo anakufundisha kuchapa. Programu hizi ni tiifu mno, zitakokotoa upuuzi kwa tarakimu kumi na tano bila kusita.

Jambo la pili lililonishangaza: tatizo langu kubwa halikuwa MATLAB. Lilikuwa matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa mistari na safu. Niliyasoma mwaka wa kwanza, nikafaulu, nikayasahau. Na hii programu ni ya matriksi tangu kuzaliwa kwake, hata jina lake maana yake ni maabara ya matriksi. Cleve Moler aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa anafundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, ili wanafunzi wake wafanye hesabu za matriksi bila kulazimika kwanza kujifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu. Kampuni ya kuiuza, MathWorks, ilikuja baadaye, mwaka 1984. Kwa hiyo ukimtafuta anayejua vitufe tu, akakuacha na pengo la matriksi, utakuwa unamrudia kila wiki. Tafuta anayejua hesabu kwanza. Mtu wa hesabu anaweza kujifunza vitufe kwa siku mbili, lakini wa vitufe tu hataweza kukuzibia pengo la hesabu.

Mwalimu wangu aliliziba pengo hilo kwa Kiswahili, na hapa nataka nikae kidogo. Sekondari na chuo tumesoma kwa Kiingereza. Tumezoea kuitikia maneno ambayo hatujawahi kuyatumia sokoni wala nyumbani, na kuitikia kunafanana sana na kuelewa. Yeye aliniandikisha orodha ya duka. Bei: sukari 3,000, unga 1,800, maharage 3,500. Idadi: kilo 2, kilo 5, kilo 3. Akaniambia nizidishe bei kwa idadi. Nikaweka alama ya kuzidisha, ile nyota (*), kompyuta ikakataa, kwamba vipimo havioani. "Sasa weka nukta kabla ya nyota." Zikaja namba tatu: 6,000, 9,000, 10,500. Kila bei imezidishwa na kilo zake. "Sasa toa nukta, halafu idadi isimamishe wima." Nikaweka ile alama ndogo ya mkato juu baada ya idadi, ikaja namba moja: 25,500.

Akauliza, "Ya kwanza ni nini, ya pili ni nini?" Ya kwanza ni risiti, mstari kwa mstari. Ya pili ni jumla unayolipa. Tofauti ya nyota yenye nukta na nyota tupu ilikuwa imenitesa mihula miwili, na ikaisha kwa unga na maharage. Kama mwalimu wako anajua Kiswahili, mwombe akueleze kwa Kiswahili. Majina ya amri yatabaki kama yalivyo, lakini maana yake iingie kwa lugha unayowazia.

Kuhusu programu yenyewe, usikubali toleo la wizi. Yule wa kwanza alinipa kwenye flashi, na flashi hiyo ilikuja na virusi vilivyoficha mafaili yangu yote ya data ya kisima. Chuo kikiwa na leseni, tumia ya chuo. Kama hakina, pakua GNU Octave, ni bure kabisa, na msimbo mwingi wa kawaida wa MATLAB unakwenda humo bila kubadilishwa. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, na jina amelitoa kwa mwalimu wake wa uhandisi wa kemikali, Octave Levenspiel. Kama kazi yako inahitaji Simulink, programu mwenza wa MATLAB ya kuiga mifumo kwa michoro, Octave haitakufaa, basi mweleze mwalimu mapema. Mimi tasnifu yote niliimalizia kwenye Octave, kwenye laptopu ya gigabaiti nne.

Kabla ya kikao cha kwanza, maliza mwenyewe mafunzo ya bure ya MathWorks yanayoitwa MATLAB Onramp. Yanachukua kama saa mbili, yanafanyika kwenye kivinjari. Usimlipe mtu akuonyeshe jinsi ya kuhifadhi faili. Na nenda na tatizo lako mwenyewe, hata likiwa bovu. Mazoezi ya kitabuni nilikuwa nayasahau jioni ileile, ila kisima cha Dodoma sikukisahau.

Malipo. Tulikubaliana shilingi 15,000 kwa kikao cha saa moja na nusu, nalipa kikao kwa kikao. Usilipe mwezi mzima kwa mtu ambaye hamjawahi kukaa naye. Kikao kimoja kinatosha kujua. Tazama mikono: kama kwa saa nzima kibodi iko kwake, shukuru, lipa, usirudi. Wangu aligusa laptopu yangu mara mbili katika vikao nane, na mara zote mbili ilikuwa kuchomeka chaja. Nilipokwama alinyamaza. Mwanzoni ule ukimya uliniudhi, nikamwambia, "Mwalimu, si uniambie tu?" Akanijibu, "Soma ulichoandikiwa hapo kwenye skrini, dada. Soma kwa sauti." Na kweli mara nyingi jibu lilikuwa palepale, kwenye ujumbe wa kosa niliokuwa naufunga bila kuusoma.

Vikao viwili tulifanya kwa simu ya video, umeme ulipokatika mtaani kwake. Inawezekana, ila inakula bando, na mwalimu haoni unavyosita. Kama yuko mbali na huna njia nyingine, mtumie mistari kumi yenye tatizo kabla, si faili zima, na umwandikie ulitarajia nini na umepata nini. Mara mbili nilipata jibu nikiwa bado naandika huo ujumbe.

Kikao cha nane alikuja na data ya kisima kingine, nisichokijua. Akaiweka mezani, akafungua kitabu chake, akaanza kusoma mambo yake. Saa moja na robo hakusema neno. Nilipomaliza nilimgeuzia skrini. Akaitazama grafu, akaniuliza mwezi wa kumi na mbili kivuli kinaangukia wapi. Nikamwambia kaskazini, na nikamwonyesha kwenye mstari wangu ni siku gani. Akafunga kitabu, akasema wiki ijayo nisije.

Nilimlipa palepale, kabla hajasimama. Naye ni mwanafunzi, ana kodi ya chumba, na walimu hawa wengi huambiwa "nitakutumia kesho." Ukimpata wa kwako, usimwambie hivyo.