Nozeli kubwa kwa Cummins 5.9 yenye pampu ya P7100

Kaka, umeuliza kama nozeli kubwa (vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya silinda) pekee zitaipa nguvu Dodge Ram yako ya 1996, yenye injini ya Cummins 5.9. Kidogo tu. Kwenye Bosch P7100, pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, kiasi cha mafuta hupimwa na pampu, si nozeli. Tundu la nozeli likiwa kubwa, mafuta yaleyale huingia kwa muda mfupi zaidi. Ukiongeza mafuta kwenye pampu na kuacha nozeli za kiwandani, nozeli inachelewa kumaliza kumwaga, na joto la egzosti linapanda. Kwa hiyo viende pamoja.

Nunua za milimita 7 (kipenyo cha sehemu inayoingia kwenye injini, si cha tundu la mafuta). Za milimita 9 ni za injini za 1989 hadi 1993, haziingii. Zipeleke kwa fundi wa pampu azipime zote sita zifunguke kwa shinikizo karibu na bar 260 na zilingane. Springi ya ndani ya nozeli ikilegea, mafuta hayatawanyiki kuwa ukungu: moshi mweupe asubuhi, harufu kali. Weka washa (pete za kuziba) mpya za shaba, moja tu kila tundu la injini (ile ya zamani hupenda kubaki ndani), kaza nozeli kwa Nm 60.

Moshi mweusi usiokatika? Hewa haitoshi: punguza mafuta au badilisha tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini). Funga geji ya joto la egzosti kabla ya tabo. Ikikaribia nyuzi 680 za Selsiasi, achia mguu kwenye mafuta.